UZI: Ndugu yangu tulimpa sahani mbili bila kumuuliza kitu, mbona kuchu (mpenda jinsia moja) tunamdai maelezo kwanza?

Mpaka_Mmoja:
Wandugu habari zenu. Huu uzi ni mrefu, asiye na muda apite, na mwenye matusi naye apite pole pole asijikwae. Mimi niko Busia upande huu wa Uganda, kazi yangu ni kibanda cha mobail mani, nakutana na watu wa kila aina kutwa nzima kwa hiyo nimeshazoea kusikia maneno. Nataka tuongee juu ya watu wawili wa nyumbani kwetu. Vitu vingine nimebadilisha makusudi, msianze kuwatafuta.

Wa kwanza ni kitinda mimba wetu, ana usonji (autism). Saa hii ni mwanaume mzima na ndevu zake. Haongei sana, na akiongea mara nyingi anakurudishia yale maneno uliyomwambia wewe, ama tangazo la redio zima na muziki wake. Watu wakisikia usonji siku hizi wanakimbilia kuuliza eti kipaji chake ni nini. Hana. Hesabu hajui, kuchora hachori, ukimwambia siku uliyozaliwa hatakwambia ilikuwa Jumatano. Anapenda feni, basi. Akiingia duka lenye feni anasimama chini yake anaangalia juu na mikono inarukaruka, na mwenye duka akiwa mtu mzuri anamwachia, akiwa mbaya tunaondoka.

Sasa shida kubwa utotoni ilikuwa chakula. Posho (ugali) na maharagwe kwake visigusane. Mchuzi ukifika tu pale pembeni ya posho chakula kimekwisha, hata awe hajala tangu jana. Mama alimchapa, akambembeleza, akamwombea, akajaribu kumficha mchuzi chini, yule kijana anaona tu. Jajja (ndivyo tunavyoita babu ama bibi) akaja kutoka kijijini akaangalia vita vya jioni moja akasema, "Mleteeni sahani mbili." Mpaka leo anakula kwa sahani mbili na hakuna mtu anaona ajabu, hata wageni wakija tunaosha sahani moja zaidi tunaendelea na maisha. Na hapo hakuna aliyekuwa anajua neno usonji. Hilo tuliletewa na nesi mmoja miaka mingi baadaye.

Wa pili ni binamu yangu. Ni kuchu. Alikuwa Kampala anafanya kazi yake vizuri, mwaka 2023 ile sheria ya Uganda ya kupinga ushoga ikatiwa sahihi mwezi wa 5, mwenye nyumba akamwambia nipe funguo, sitaki matatizo na polisi. Akarudi kwetu na begi. Wajomba wakaitisha kikao cha ukoo, na kikao chenyewe kilikuwa cha kuuliza maswali tu, lini ilianza, nani alimfundisha, Wazungu walimlipa ngapi, kwa nini hakusema. Binamu anaangalia chini. Jajja (ni yule yule, mzee sana sasa, haoni vizuri) akasikiliza mpaka akachoka, akauliza, "Huyu wa sahani mbili mlimuuliza nani alimfundisha?" Halafu akasema apewe kile chumba cha nyuma, na mwenye swali lingine aende kwake alale nalo.

Mimi sijaandika hapa kusema usonji na ukuchu ni kitu kimoja, najua kuna watu watarukia hapo. Nasema hivi, kwa nini mtu mmoja tulimpa nafasi yake kwanza na maelezo yakaja baadaye, na mwingine tunataka atoe maelezo yote mpaka turidhike ndipo tumpe mahali pa kulala? Kuna nyumba zenu zimefanyaje? Karibuni.

Mlinzi_wa_Uzi:
Kabla hatujaenda mbali. Humu USITAJE jina la mtu, mtaa, kazi, wala usiweke picha. Sheria ya 2023 ina kifungu cha "kukuza" na kifungo chake kinafika miaka 20, sitaki mtu aamke kesho anatafutwa kwa sababu ya komenti. Kusimulia ya nyumbani kwako ni sawa. Kumchoma mtu nitafuta na wewe utatoka. Endeleeni.

Shujaa_wa_Imani:
Unachanganya mgonjwa na mwenye dhambi ili tuwaonee huruma wote. Ndugu yako Mungu alimuumba hivyo, huyo binamu alichagua. Na jajja wako kwa heshima zote amezeeka.

Kondakta14:
Mzee wa imani, we umeanza na jajja za watu? Banange.

Nesi_wa_Usiku:
Nimefurahi kuona hii mada. Mimi ni nesi, kazi yangu naifanya wilayani, na kwanza niseme usonji si ugonjwa wa kuambukiza wala hauponywi, kwa hiyo ndugu Shujaa hata neno mgonjwa si lake. Mtoto anazaliwa ubongo wake umejipanga namna yake, urithi una mchango mkubwa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 duniani ilikuwa mtu 1 kati ya 127, kwa hiyo ukijaza kanisa moja la Jumapili hapo ndani wapo, tena zaidi ya mmoja.

Wazazi mnaosoma kimya kimya hapa, nawajua mko wengi. Mtoto haitikii jina lake, msikimbilie usonji, msikimbilie mganga, mpelekeni apimwe MASIKIO kwanza. Nimeona watoto viziwi wameitwa wajeuri miaka. La pili, kama mtoto alikuwa anaongea vizuri akapata malaria ya kichwa akatoka hospitali haongei, hiyo ni hadithi nyingine kabisa, mwambieni daktari kila kitu. La tatu kifafa, kinaenda pamoja na usonji mara nyingi kuliko watu wanavyodhani, na hicho kina dawa, sio cha kufungia mtoto ndani.

Na tafadhali sana, hii nakasirika mpaka mikono inatetemeka, ile "dawa ya miujiza" ya matone inayopitishwa mitaani na hata makanisani eti inatibu malaria, ukimwi na usonji. Ile ni klorini dioksaidi, kemikali ya kupaushia. Unamnywesha mtoto wako dawa ya kung'arisha shuka. Inachoma utumbo.

Mama_Pacha_Jinja:
nesi na chanjo je?? mama mkwe anasema wangu aliharibika baada ya sindano ya surua

Nesi_wa_Usiku:
Hapana mama. Hiyo ilianzia Uingereza 1998, daktari Andrew Wakefield aliandika kwenye jarida la Lancet. Ikaja kuonekana kazi yenyewe ilikuwa ya uongo, jarida likaifuta 2010 na yeye mwaka huo huo akatolewa kwenye orodha ya madaktari. Dalili za usonji zinaanza kuonekana umri ule ule wa chanjo ndio maana watu wanaunganisha. Surua nayo inaua, mchanje.

Na wewe si wewe uliyemharibu. Zamani hata madaktari wakubwa huko Marekani walisema mama akiwa hana upendo wa kutosha ndiyo mtoto anakuwa hivyo, kina mama waliishi na hilo lawama miaka mpaka walipothibitisha ni uongo. Leo mama mkwe anakurudishia kwa njia ya sindano.

Fundi_wa_Feni:
Mimi nataka kujua kitu kimoja tu, ndugu yako anapenda feni ya juu ama ya kusimama? Niko Tororo natengeneza feni, nina zile zilizokufa mota lakini panga zinazunguka kwa mkono.

Mpaka_Mmoja:
@Fundi_wa_Feni ya juu. Ya kusimama anaiogopa ikigeuza kichwa. Nitakutafuta inboksi, usicheze na mimi kwa hilo jambo.

HedifoniNyekundu:
Nimesoma uzi wote mara mbili kabla ya kuandika, ndivyo nilivyo.

Mimi nina usonji na mimi ni kuchu. Mwanamke, Kampala, mengine hayawahusu. Nimejua ya usonji nikiwa mtu mzima tayari, kwa sababu wasichana tunajifunza kuiga mapema sana, nilikuwa naangalia msichana wa dawati la mbele akicheka na mimi nacheka, akiinamisha kichwa na mimi nainamisha, jioni nikifika bweni nimechoka kiasi kwamba siwezi hata kuvua viatu. Walimu wakasema nina adabu. Ya ukuchu nilijua zamani, na nilificha kwa mbinu zile zile kabisa, angalia wenzako wanamwangaliaje yule mvulana wa S4, na wewe mwangalie hivyo hivyo. Kwa hiyo mtu akiniambia haya mambo mawili hayana uhusiano namwambia kwangu yalikuwa kazi moja, ya kujifanya, masaa yote.

Na sio mimi tu. Kuna utafiti ulitoka 2020, watafiti wa Cambridge, waliangalia data ya watu zaidi ya 600,000, wakakuta watu wasiojiona kwenye jinsia waliyopewa kuzaliwa wana uwezekano wa mara 3 mpaka 6 zaidi wa kuwa na usonji kuliko wengine. Sababu bado wanabishana. Mimi nina yangu, nafikiri mtu ambaye sheria zisizoandikwa hazimwingii kichwani, za jinsi ya kusalimia na kukaa na kuvaa, na hii ya nani umpende haimwingii kirahisi. Anauliza kwa nini. Lakini hayo ni mawazo yangu si sayansi.

Sasa Mpaka_Mmoja. Jajja wako nampenda bila kumjua. Lakini wewe unasema mpe chumba cha nyuma na usimuulize, na unaona hapo kazi imekwisha. Mimi nimeishi kwenye hicho chumba cha nyuma, kwa shangazi. Chakula nilipata. Hakuna aliyeniuliza kitu, miaka, hata nilipoachwa na mtu niliyempenda nikalia wiki, walipitisha chai mlangoni. Ndugu yako watu wanajua anapenda feni, unaandika juu ya feni humu na watu wanamtafutia feni. Binamu yako anapenda nini? Umeandika paragrafu nzima juu yake na sijui kitu kimoja anachopenda.

Kondakta14:
Eeh. Dada ameingia na panga.

Mpaka_Mmoja:
Hiyo imenifikia nisikudanganye. Lakini nijibu pia. Busia si Kampala, hapa kila mtu anajua suruali yako ya juzi. Nikianza kusema binamu anapenda hiki na kile, kesho mtu anaunganisha. Kunyamaza kwetu si aibu peke yake, ni ukuta. Feni haina kifungo cha maisha.

Ila anapenda kupiga pasi. Anapiga pasi nguo za nyumba nzima mpaka soksi, na anaimba kwaya za kanisa la zamani huku akipiga. Haya umejua.

HedifoniNyekundu:
Asante. Soksi??

Mpaka_Mmoja:
SOKSI. Na taulo.

MutotoYaUvira:
Jambo benyewe. Miye niko Nakivale, kambi ya wakimbizi, nilitokaka Uvira, Congo. Mutoto wa dada yangu hasemake. Kule nyumbani pasta moja alisema ule mutoto ni mulozi, eti amekula sauti, juu dada naye alianzaka kukohoa wakati ule ule. Balimufungia mu chumba bila kumupa kula, banaita maombi. Dada alimubeba usiku, bakatoka. Batu ba ofisi bakituuliza kwa nini mulikimbia tunasema vita, na ni kweli vita ilikuwa, lakini miye najua dada alikimbia na ile chumba. Hapa kambini iko mama moja Munyarwanda anachungaka ule mutoto dada akienda kuchota maji. Hawasikilizane luga, na mutoto hana luga. Banakaa tu pamoja banachambua maharagi, anapenda kutenga nyekundu na nyeupe. Sijui kama hiyo ni jibu ya swali yako.

Mpaka_Mmoja:
Ni jibu kabisa ndugu yangu.

Shujaa_wa_Imani:
Pasta wa hivyo si pasta. Hata mimi hapo nakubali. Lakini huyo mtoto hana kosa, ndiyo tofauti ninayosema tangu mwanzo.

HedifoniNyekundu:
Shujaa, huyo pasta naye alikuwa na uhakika mtoto ana kosa. Uhakika kama wako.

Mfugaji_Mbarara:
Mimi nitaongea ya ng'ombe maana ndiyo najua. Kuna mama Mmarekani anaitwa Temple Grandin, alizaliwa 1947, ana usonji, hakuongea mpaka karibu miaka minne, na leo ni profesa wa mifugo. Yeye alikuwa anainama mwenyewe anaingia kwenye njia ya ng'ombe anatembea humo ndani aone wanachoona. Akagundua ng'ombe anasimama kwa sababu ya mnyororo unaoning'inia, kivuli sakafuni, koti lililotundikwa kwenye uzio. Wafanyakazi walikuwa wanapiga tu ng'ombe, hakuna aliyeangalia koti. Nimejaribu kwenye kraal yangu, niliondoa lile gunia la njano lililokuwa getini na kweli, ng'ombe wanaingia bila fimbo.

Nataka kusema nini, sijui, nafikiri hilo tu. Angalieni gunia.

Wakili_wa_Kijiweni:
Mimi si wakili ila nasoma sheria kuliko mawakili wengine. Nirekebishe mambo mawili matatu maana huku mitaani watu wanatishana na kitu hawajakisoma.

Sheria ya 2023: kitendo, kifungo cha maisha. Kile wanachoita kosa lililokithiri, kifo. Rais aliirudisha bungeni mara moja, na ilipopita tena mwezi wa 5 walikuwa wameweka wazi kwamba kuonekana ama kudhaniwa tu kuwa hivyo si kosa, kosa ni kitendo. Yule mwenye nyumba aliyemtoa binamu, mwaka ule kifungu cha kumbana anayepangisha nyumba kwa kitendo hicho kilikuwepo, lakini Mahakama ya Katiba tarehe 3 Aprili 2024, pamoja na kwamba iliacha sheria isimame karibu yote, ilifuta vipande vichache, kimojawapo ni kile cha nyumba na kingine ni cha kulazimisha watu waripoti wenzao. Waambieni wenye nyumba.

Sasa hapa ndipo huu uzi unanihusu. Kwenye orodha ya yale yanayofanya kosa "likithiri" kuna hili, kama yule mwingine ni mtu mwenye ulemavu. Kifo. Mwaka ule ule wa 2023 kijana mmoja alifikishwa mahakamani Soroti kwa hilo. Kulinda walemavu wasinajisiwe nakubali mia kwa mia, lakini hii haitofautishi kunajisiwa na kukubaliana, ridhaa haihesabiki. Yaani mtu kama HedifoniNyekundu akiwekwa kwenye kundi la walemavu, kwenye karatasi yeye ni mtu wa kufanyiwa tu, hawezi kupenda.

Na wale wa "utamaduni wetu", kifungu cha "kinyume na maumbile" kwenye Kanuni ya Adhabu ya 1950 kiliandikwa na Mwingereza. Huko kwao wameshaacha tangu 1967 kwa Uingereza na Wales. Kabla ya hapo, 1952, walimhukumu Alan Turing, yule wa kuvunja siri za Wajerumani vitani, wakampa homoni badala ya jela, akafa 1954. Huyu mzee alikuwa na vituko vyake, kikombe chake cha chai alikifunga na mnyororo kwenye bomba la joto kisiibiwe, na msimu wa maua alipanda baiskeli amevaa kinyago cha gesi kwa sababu ya mafua. Watu wanapenda kumpachika usonji siku hizi, hakupimwa, mwacheni. Lakini angalieni, kikombe na kinyago wenzake kazini walivivumilia, wakacheka, maisha yakaendelea.

Shujaa_wa_Imani:
Kwa hiyo sasa tuige Waingereza.

Wakili_wa_Kijiweni:
Tunawaiga tayari ndugu, wa 1950.

Kondakta14:
Mimi si msomi. Si kuchu, si usonji nijuavyo. Lakini mimi kila takisi lazima nisome ile maandishi ya mlangoni "abiria 14" kwa sauti kabla sijafunga mlango, la sivyo siwezi kuita abiria, koo inakataa. Dereva wangu alikuwa ananikasirikia, sasa ananisubiri. Steji nzima wananiita Kumi na Nne. Kuna mtu mwingine ana kitu cha hivyo ama ni mimi peke yangu?

Mama_Pacha_Jinja:
mimi lazima nizime jiko nirudi niguse tena kama limezimwa. mara tatu

Fundi_wa_Feni:
Mimi siwezi kulala kukiwa kimya. Nadhani ndio maana natengeneza feni.

Mfugaji_Mbarara:
Baba yangu alikuwa haongei na mtu mpaka amekunywa maziwa. Alikuwa na ng'ombe wengi kwa hiyo hakuna aliyemwita mgonjwa.

HedifoniNyekundu:
Mfugaji umesema kitu kikubwa hapo na umepita tu. Mwenye ng'ombe ana "tabia yake". Asiye na ng'ombe ana tatizo.

Mpaka_Mmoja:
Hiyo ya ng'ombe imenikumbusha, yule nesi aliyetuletea neno usonji alinisimulia juu ya mtoto wa kwanza kabisa kuandikwa kuwa nao. Daktari Leo Kanner aliandika juu ya watoto 11 mwaka 1943 kule Baltimore, wa kwanza kwenye orodha anaitwa Donald Triplett, kutoka mji mdogo unaitwa Forest, jimbo la Mississippi. Wazazi walimpeleka kwenye taasisi akiwa na miaka mitatu, wakamrudisha baada ya mwaka hivi, kinyume na ushauri. Akaishi hapo hapo mjini kwao maisha yote, akafanya kazi benki, akacheza gofu, akasafiri nchi nyingi peke yake, watu aliwapa namba badala ya majina na wao wakaona ni sifa kupewa namba. Amekufa 2023 na miaka 89. Mji ulimzoea tu. Hilo ndilo ninalotaka kwa wote wawili nyumbani kwetu, kuzoewa.

HedifoniNyekundu:
Na hiyo benki ilikuwa ya familia ya mama yake. Nimesoma pia. Ng'ombe wa Mfugaji hao hao.

Mpaka_Mmoja:
Ahaaa. Sawa. Kwa hiyo sisi wa mobail mani tufanyeje.

HedifoniNyekundu:
Sijui. Feni iliyokufa mota ni mwanzo mzuri. Na kuna mtu anaitwa Damian Milton, naye ana usonji, aliandika 2012 kwamba watu wanasema sisi hatuwaelewi wengine lakini wengine nao hawatuelewi, shimo liko katikati si upande mmoja. Nilikaa na hilo miezi. Maana mimi nilifundishwa kuvuka daraja peke yangu kila siku, kwenda na kurudi, na wao wamekaa. Binamu yako naye anavuka. Mtu mmoja hapo nyumbani akivuka hata nusu, akamuuliza "leo uko sawa?", si swali la wajomba hilo.

Mwalimu_Mkimya:
Nachangia kidogo kwa upande wa darasa, P3, watoto ni wengi kuliko madawati. Nina mmoja ambaye shule ya kwanza ilimfukuza. Nilichofanya ni vitu vidogo sana. Anakaa ukutani, si katikati, ili watu wasimguse kutoka pande zote. Kengele yetu ni rimu ya gari inapigwa na chuma, sauti ya kupasua kichwa, kwa hiyo dakika chache kabla namgusa meza (meza, si bega) anajua inakuja anaziba masikio. Nimemchorea kwenye boksi la sabuni picha nne, maji, choo, kutoka nje, naumwa. Anaonyesha kidole. Sweta la shule havai, lebo ya shingoni inamkera, nilimkatia lebo mwenyewe na wembe, akavaa siku hiyo hiyo. Mkuu aliyekuwa anamwita mkaidi hakuamini kwamba ugomvi wote ulikuwa lebo.

Hilo jambo lingine la watu wazima mimi kama mwalimu siwezi kuandika hapa, mnaelewa. Ila nimesoma yote.

Mlinzi_wa_Uzi:
Tunaelewa mwalimu. Nimefuta komenti mbili hapo juu, mmoja alikuwa anauliza Mpaka_Mmoja kibanda chako kiko steji gani. Usijibu maswali ya hivyo hata inboksi.

Shujaa_wa_Imani:
Sijabadilisha msimamo. Lakini lile la mwenye nyumba kumtoa mtu nje usiku na begi si Ukristo, niseme tu. Mgeni anapewa pa kulala.

Wakili_wa_Kijiweni:
Nachukua hiyo, sitaki kuongeza neno likaharibika.

Mama_Pacha_Jinja:
mwalimu hiyo ya kengele, wangu analia kwa kinu cha kusaga mahindi kiko jirani yetu, kutwa. kuna vile vitu vya kuziba masikio vinapatikana wapi? si hedifoni za muziki, vile vikubwa

Fundi_wa_Feni:
Maduka ya hadiwea, uliza vile vya watu wa kukata vyuma. Kampala Katwe mafundi wanavyo, wanajua vinauzwa wapi kwa bei nzuri. Hapo Jinja angalia wanaouza vifaa vya welding, usikubali bei ya kwanza.

HedifoniNyekundu:
Vyangu vyekundu nilinunua hivyo hivyo, kwa welda. Saizi ya mtoto mara nyingi hakuna, lakini mkanda wa juu ukiusukuma mpaka mwisho unashika. Nenda naye ajaribu kabla hujalipa, wengine hawapendi kubanwa kichwa, na kama hataki usimlazimishe, mfungie kitambaa kizito masikioni uone kwanza.

Mama_Pacha_Jinja:
asante dada. wako wawili ujue, ni pacha, mmoja hana shida na kinu kabisa. ninunue viwili tu nisilete vita?

HedifoniNyekundu:
Viwili. Rangi moja.